Baiskeli Niliyonunua Bila Kukuambia

Baba yangu,

Nyonga yako inaendeleaje? Huku mvua inanyesha kila alasiri, na baridi ikinishika mgongoni nakufikiria wewe unavyoamka ukishika ukuta. Mama aliniambia siku hizi unaweza kukaa kibandani ukitengeneza baiskeli za watu mpaka saa kumi bila kwenda kujilaza. Nilishukuru Mungu. Na yeye kikohozi kimeisha, au anakificha tu kama kawaida yake?

Mimi ni mzima na sina jeraha lolote. Nimetanguliza hilo makusudi, kwa sababu haya yanayofuata ningekuambia kwa simu ungekata kabla sijafika katikati. Ndiyo maana nimeandika, na nimempa mke wa mchungaji wetu, anayekuja huko kumzika shangazi yake, akuletee mkononi mwako. Tafadhali isome yote ukiwa umekaa.

Baba, nimenunua baiskeli, na ninaipanda.

Nakumbuka nilichokuahidi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, wewe uko kitandani hospitalini, breki zimekukatikia mteremkoni ukiwa umebeba abiria. Uliniambia, "Kageha, utazitengeneza pamoja na mimi, lakini kupanda, hapana." Nikasema sawa. Nimelishika neno hilo miaka kumi na mitatu, na nimelivunja baada ya Pasaka.

Nitakueleza ilivyokuwa. Tangu mashine za kuchuma chai ziletwe hapa shambani, sisi wachumaji tumebaki wachache. Mimi nilihamishwa kiwandani, kwenye kupakia, lakini kandarasi yangu inakwisha Desemba na hakuna anayeniambia kama kuna nyingine. Sasa kuna mwalimu mmoja wa hapa Kericho, Mwalimu Rono, ambaye huwapeleka wageni kuzunguka kwa baiskeli kwenye barabara za murram, zisizo na lami, katikati ya chai. Wageni wameongezeka. Alitangaza kanisani kwamba anatafuta waongozaji wawili, wanawake, wa kuajiriwa, na kwamba kutakuwa na jaribio: kuteremka mpaka Fort Ternan kwenye reli, kisha kupanda kurudi. Kila mtu aje na baiskeli yake. Tulijiandikisha watano. Mmoja alikuwa Chebet.

Chebet ni yule niliyekuambia alinipa nusu ya kitanda chake nilipofika huku sijui mtu. Kwao ni karibu na Litein, wazazi wake wana chai kidogo na ng'ombe watatu. Tulichuma pamoja miaka mitano. Yeye alipunguzwa kazi siku ile ile niliyohamishwa mimi, na hajapata nyingine isipokuwa kuuza maziwa ya mama yake. Ni mrefu, ana mapafu ya watu wa huku, na kupanda mlima kwake ni kama kwenda dukani.

Tulimuuliza Mwalimu Rono tutafute baiskeli ya aina gani, kwa sababu pesa zetu zilikuwa kidogo na hatukutaka kuzichoma. Alituambia maneno machache tu. Fremu ikutoshe kwanza, maana kitu kingine chochote kinabadilishwa lakini fremu ndogo haikui. Matairi yaingie mapana. Kwenye breki usizionee huruma pesa. Na usimalize pesa zote kwa baiskeli, bakisha ya kofia na matairi. "Rangi," akasema, "ndiyo kitu cha mwisho kabisa."

Jumamosi ya soko tukaenda Litein. Kuna mtu huko anauza baiskeli za mitumba nyuma ya maduka ya mbolea, zimefungwa pamoja kama mbuzi wa mnada. Za aina tuliyoitaka, zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya alumini, kijivu, imekwaruzika, nzito kidogo, ina breki za diski za waya na nafasi ya matairi mapana. Ya pili, Baba, hata wewe ungesimama. Ilikuwa ya kaboni, nyeusi, na niliiinua kwa vidole viwili. Chebet aliishika kiti, hakukiachia.

Nilifanya ulivyonifundisha. Nilizungusha magurudumu, nikavuta cheni mbele kuona kama imelegea, nikabana breki na kuisukuma. Kisha nikatoa sarafu nikaanza kuigonga ile nyeusi polepole, toka juu kushuka. Kila mahali ilijibu kwa sauti kavu, ti, ti, ti. Nilipofika bomba la chini, palipobandikwa stika kubwa ya manjano, ikajibu du. Nikarudia. Du. Nikapitisha ukucha pembeni ya stika, ukakwama mahali.

Hapa nitasema ukweli wote, kwa sababu nimechoka kuubeba peke yangu. Hata mimi nilikuwa naitaka ile baiskeli. Tangu nilipoiinua nilikuwa nahesabu jinsi nitakavyomshinda kila mtu kwenye mlima. Kwa hivyo nilipomwambia Chebet, sauti yangu haikuwa ya mtu anayeonya. Ilikuwa ya mtu aliyenyimwa.

"Hii ina ufa," nikasema. "Chukua ile ya kijivu."

Akanitazama. "Na wewe uchukue ipi?"

"Sijui. Lakini hii iache."

"Nikiiacha, nani ataichukua?"

Mwuzaji akacheka. Akasema stika imetoka nayo ng'ambo, na akamwambia Chebet kwamba huyu dada yake wa Maragoli anataka bei ishuke. Chebet hakucheka. Aliniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Kageha, ungekuwa unanionya mimi, ungemwambia huyu mtu abandue stika."

Nilikuwa na nafasi. Ningeibandua mwenyewe. Lakini watu walikuwa wameanza kusimama kutazama, nami nikaona haya, nikajiambia pengine sikusikia vizuri, pengine kaboni ndivyo inavyolia. Akalipa akaondoka nayo. Mimi nikanunua ile ya kijivu. Tulirudi kila mtu kwa njia yake.

Wiki tatu nilifanya mazoezi asubuhi kabla ya zamu. Naogopa mteremko, Baba. Kila nikishuka namwona yule abiria wako akiruka. Lakini wiki hizo hofu yangu kubwa haikuwa yangu mimi. Nilimwona Chebet mara mbili kwa mbali, amejikunja juu ya ile baiskeli, anapita kama kipanga. Nilimpungia mkono, hakunipungia. Nilimtumia ujumbe kwamba abandue stika aangalie. Akajibu neno moja: "Sawa." Najua "sawa" ya Chebet.

Siku ya jaribio kulikuwa na ukungu, na murram ilikuwa imelowa juu lakini ngumu chini. Mwalimu Rono alitangulia kwa pikipiki kutungojea relini. Kilomita za kwanza ni kupanda na kushuka kidogo katikati ya chai, na tulikwenda pamoja wote watano bila maneno. Nikajiweka nyuma ya Chebet. Kwenye kila jiwe nilisikia fremu yake ikilia, kri, kri, kama kiti cha zamani mtu akigeuka.

"Chebet, unasikia hiyo?"

"Ni pedali."

"Si pedali."

Akakanyaga tu. Mbele yetu chai ilikuwa inaisha, na pale ndipo barabara inapoanguka. Huioni chini inakokwenda. Ina mawe makubwa, ina mitaro iliyokatwa na mvua, na upande wa kushoto kuna korongo. Wale watatu wengine waliingia mteremkoni mmoja mmoja. Chebet akasimama juu ya pedali apate kasi.

Sikuwaza, Baba. Nilikanyaga kwa nguvu zote, nikampita kwa kulia, nikakata mbele yake na kusimamisha baiskeli yangu njiani kama kizuizi cha polisi. Akafunga breki, gurudumu la nyuma likateleza likanigonga mguuni. Tulisimama nyuso zetu zikiwa umbali wa hatua moja, wote tunahema.

"Toka," akasema.

"Sitoki."

"Kageha, toka njiani. Wanatuacha."

"Baba yangu alishuka mlima kama huu akiwa na breki aliyojua imechoka. Alijua, Chebet. Akaomba tu ifike. Mimi siwezi kukutazama ukishuka na hiyo kitu."

"Tangu Litein unaitaka hii baiskeli." Alikuwa analia sasa, kwa hasira. "Mimi nimeachishwa kazi, wewe uko kiwandani. Mimi nimeuza ndama. Ndama wa mama yangu. Na bado unataka uingie wewe."

"Niliitaka," nikamwambia. "Ni kweli. Niliitaka, na niliona ufa, na nikanyamaza mapema. Nichukie kwa hilo. Lakini leo hushuki."

Kule chini tuliwasikia wenzetu wakipigiana kelele za kuonyana mawe, sauti zikizidi kuwa ndogo. Kisha Chebet akashuka, akainua ile baiskeli kwa mikono miwili na kuitupa chini kwa uchungu wote aliokuwa nao.

Haikuruka. Ilifunguka. Bomba la chini lilikatika pale kwenye stika kama muwa unaovunjwa gotini, nyuzi nyeusi zikatokeza, na gurudumu la mbele likalala kivyake.

Chebet alikaa pembeni mwa barabara, akaweka kichwa magotini. Nilikaa karibu naye, lakini sikumgusa. Tulikaa hivyo mpaka pikipiki ya Mwalimu Rono iliporudi kutufuata.

Yeye hakutuhurumia. Aliitazama fremu, akaigeuza kwa mguu, akasema, "Ingekatika kona ya pili," basi. Kisha akasema jaribio ni jaribio, na wale waliofika relini wamefika. Akachukua wawili miongoni mwao. Nilitarajia labda atasema kitu juu yangu. Hakusema, na sasa naona hakuwa na deni nami.

Siku nane Chebet hakuzungumza na mimi. Siku ya tisa nilimkuta amesimama nje ya mlango wangu na ile fremu imefungwa gunia. "Chamgei," akanisalimu, kwa lugha yake, kama siku ya kwanza tulipokutana. Nikamjibu. Akasema, "Twende Litein. Safari hii ongea kwa sauti."

Tulienda siku ya soko. Nilimwonyesha mwuzaji mbele ya wateja wake wote. Niliishika stika iliyoning'inia nikaibandua, na chini yake kulikuwa na gundi ya zamani: mtu alikuwa ameuona ufa kabla yetu akaujaza. Mwuzaji akasema yeye hauzi kwa dhamana. Mama yake Chebet alikuwa amekuja pia na debe lake la maziwa, akaketi juu yake mbele ya zile baiskeli, akasema hana haraka, atangoja. Wateja hawakupata pa kupita. Ilipofika adhuhuri yule mtu akachoka. Pesa hakurudisha, lakini alitupatia fremu moja ya chuma, ndefu, imeshika kutu, akasema tuondoke nayo.

Tuliichukua. Baba, ile fremu niliigonga kila inchi, na kila inchi iliimba.

Tukaiweka mezani kwa kina Chebet, chini ya paa la kibanda cha ng'ombe. Nilitoa kila kitu kizima kwenye ile nyeusi, magurudumu, gia, usukani, pedali, nikahamishia kwenye chuma. Vingine havikuingia, nikavichonga. Breki nilifunga na kufungua mara nne. Chebet alikuwa ananishikia taa ya simu na kuniuliza kila kitu kinafanya nini, mpaka naye akajua. Baiskeli imekuwa nzito, yenye sura mbaya, lakini inamtosha yeye, na ndiyo imara kuliko zote nilizoziona huku.

Habari zikamfikia Mwalimu Rono. Alikuja kuitazama, akaipanda, akaniambia baiskeli za wageni wake huharibika kila wiki na fundi wa mjini humchelewesha. Sasa nakwenda kwake kila siku ya mapumziko. Amesema kandarasi ya kiwanda ikiisha, kazi hiyo itakuwa yangu ya kila siku. Hajaandika karatasi, kwa hivyo sijashangilia. Na mmoja wa wale wasichana wawili ameolewa Bomet na ameacha, kwa hivyo Chebet ataitwa tena kujaribiwa mwezi ujao. Anaogopa kuliko anavyosema.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikwenda pale chai inapoishia, peke yangu. Nilisimama muda mrefu, vidole viko juu ya breki. Nikashuka. Sikushuka vizuri. Nilishuka kama mzee anayeshuka ngazi, nikisimama kila kona, mikono ikaniganda hata sikuweza kuifungua. Lakini nilifika relini Fort Ternan nikiwa mzima, nikanunua muwa, nikakaa nikautafuna mpaka moyo ukatulia, nikapanda kurudi.

Nisalimie Mama, na usimfiche barua hii zaidi ya siku moja, atajua. Msalimie guku, nyanya yangu, mwambie blanketi lake nitamletea. Salamu kwa kaka yangu Amos na mkewe, na mtoto wao ambaye bado sijamwona. Na yule jirani wetu fundi wa viatu, anayekuletea chai kibandani.

Kama umekasirika, Baba, una haki. Sikuombi uniruhusu, maana nimeshapanda. Ninachoomba ni uniandikie mwenyewe, kwa mkono wako, hata kama ni kunigombeza ukurasa mzima.

Ni mimi binti yako,
Kageha