Kengele Nyuma ya Gitaa

Kizwite, Sumbawanga
3 Machi 2024

Kaka Zenon,

Shikamoo. Huku tumeamka, ila baridi iliamka kabla yetu. Baba hajambo, kifua tu kinamsumbua asubuhi. Mimi ni mzima, kama kuchoka si ugonjwa. Wewe je? Simu yako inaita mpaka inakata, na siku ukiipokea unasema "poa, poa", basi. Kwa hiyo nimerudi kwenye utaratibu wetu: simu ni ya misiba na ya kuombana vocha, mambo ya bendi yanaandikwa na kufungwa pamoja na kanda.

Hii kanda atakupa Amos, dereva wa Noah ya abiria inayokuja huko mpakani Kasesya. Ni ngoma za wimbo wa mwisho, ule wa ukungu. Nimepiga ndoo mbili na ngoma ya marehemu mama, redio ya kurekodia nimeiweka kwenye kona ya ghala, na betri ni zile zilizochoka kama unavyopenda, ili sauti iburute miguu. Ghala ni tupu kabisa, mwangwi unanirudia mara tatu mpaka kichwa kinazunguka. Wewe piga gitaa juu ya ngoma hizo, unirudishie, halafu uje siku moja tu kuimba. Kanda ya pili ya bendi yetu, Ghala Tupu, itakuwa imekwisha. Yusto fundi redio ameshatafuta kanda za kunakilia, na vijana wanamsumbua kila siku, hata wale wanaoapa kwamba hawaelewi tunaimba nini.

Ila kalenda yetu unaijua. Mahindi yakiingia, ghala si letu tena mpaka mwakani. Nakuomba uje Pasaka.

Mdogo wako,
Cornelia


Kasesya
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Cornelia,

Marahaba. Nipo, namshukuru Mungu. Mfikishie baba shikamoo yangu, na asitoke asubuhi bila koti.

Samahani kwa Pasaka. Malori yalikuwa yamepanga foleni, na dereva aliyetoka Zambia huwezi kumwambia asubiri kwa sababu una wimbo. Ni kupakia na kushusha, kushusha na kupakia. Jioni nikikaa kitandani navua kiatu kimoja, nasinzia na kingine kikiwa mguuni.

Gitaa nimelipiga, limo upande wa kwanza. Nimelipigia hapa hapa chumbani kwangu. Usilisikilize sana, lipachike tu juu ya ngoma zako. Kuimba imba wewe, sauti yako inatosha. Na baada ya kanda hii nadhani tupumzike. Mtu mzima na akili zake hawezi kuendelea kukoromesha spika mbovu akasema ni roki.

Kaka yako,
Zenon


Kizwite
9 Mei 2024

Kaka Zenon,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi tuko salama, ila barua hii nimeianza kwa hasira, unisamehe mwandiko.

Nimeweka gitaa lako juu ya ngoma zangu. Halinifuati. Mimi nakwenda, lenyewe limekaa. Nikadhani ni betri, nikabadilisha, hali ikawa ile ile. Nikalisikiliza peke yake, sikio kwenye spika. Nyuma ya gitaa kuna kengele inalia. Tena si kengele yoyote, ni ya kanisa la kigango chetu, ile iliyopasuka inayolia kama sufuria. Huko Kasesya umeitoa wapi?

Nikaendelea kusikiliza. Kengele ilipokwisha, mtu akaita kwa mbali: "Zenoni! Ugali unapoa huku!"

Wakati huo baba alikuwa anapita na jembe. Alijisikia mwenyewe akikuita. Akasimama mlangoni.

"Hiyo ni ya mwaka jana," akasema. "Siku ile alikuja kula ulezi umeshakuwa jiwe."

Akaondoka na jembe lake.

Kwa hiyo umenitumia gitaa la mwaka jana, ukaniambia umelipiga juzi chumbani. Hii bendi ina watu wawili, kaka. Ukimdanganya mmoja umewamaliza wote. Kama umenichoka, sema umenichoka. Nimeumia sana. Wimbo sitaumaliza kwa uongo, na mahindi yameshaanza kukauka shambani. Nasubiri jibu lako.

Mdogo wako,
Cornelia


Kasesya
30 Juni 2024

Cornelia mdogo wangu,

Marahaba. Umeniuliza hali, basi mara hii nikujibu kweli.

Mwezi wa pili mlango wa nyuma wa lori la saruji ulifyatuka ukanibana mkono wa kushoto. Walinitibu, kidonda kimepona. Lakini kidole cha pete na kile kidogo havikunjiki. Vimenyooka tu kama vinamwonyesha mtu njia. Nilijaribu kupiga, gitaa likalia kama la mtoto anayejifunza. Kanda ya mwaka jana nilikuwa nayo, nikaiweka kwenye redio moja nikairekodi kwa nyingine. Kengele niliisikia. Baba pia nilimsikia, na nikarudia kumsikiliza kabla ya kuifunga. Nikadhani ndoo zako zitawafunika.

Sikukuambia kwa sababu ungeniita, na nikija ungeona. Sijakuchoka wewe. Nimechoka mwili, na mkono huu unanitia aibu, maana ni kitu kimoja tu duniani nilikuwa najua kukifanya vizuri.

Tafuta mpiga gitaa mwingine. Ndugu hatafutwi, lakini mpiga gitaa anapatikana. Mahindi yaingizwe ghalani, msinisubiri.

Kaka yako,
Zenon


Kizwite
21 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo, na pole. Ni pole ya tangu mwezi wa pili, kwa hiyo ni nyingi, itumie taratibu. Mimi nililia, halafu nikakukasirikia upya, halafu nikalia tena. Sasa sijambo. Baba anakohoa kidogo, anakusalimu.

Barua yako nilimsomea, na kumbe alikuwa ameshaanza mambo yake. Mahindi tulikuwa tumeyapukuchua, magunia yako uani chini ya turubai, na kila nikimuuliza lini tunaingiza ananijibu, "Ghala lina wenyewe." Huyu ni mzee ambaye miaka yote anaita muziki wetu kelele za panya! Majirani wakamcheka. Mbuzi wa mama Otilia wakatoboa magunia mawili. Akawa anashinda hapo na fimbo, koti limefungwa mpaka shingoni. Wiki iliyopita upepo ukalichana turubai, na ukungu ukaanza kulowesha. Nikamwambia, baba, mwakani tutakula nini? Ndipo akakubali.

Lakini ameyapanga mwenyewe, mimi hakutaka niguse. Ameyapandisha kuzunguka kuta zote, na katikati ameacha nafasi ya stuli mbili. Nimeingia humo na ndoo zangu. Mwangwi hakuna, kaka. Sauti inatoka, inafika kwenye gunia, inalala. Kwanza nilihuzunika. Halafu nikapiga polepole, kidogo kidogo, na kila pigo nikalisikia lilivyo. Sisi tulizoea kupiga sana ili tujaze chumba. Hiki kimeshajaa, mtu hana haja ya vidole vyote.

Baba alikaa kwenye stuli yako mpaka nikamaliza. Akasema, "Hii angalau mtu anaweza kuisikia." Anadai na jina la bendi tulibadilishe, maana ghala si tupu.

Kanda ya ngoma hizo nimeifunga humu. Mpiga gitaa mwingine simtaki. Vidole ulivyo navyo vinatosha.

Mdogo wako,
Cornelia


Kasesya
11 Agosti 2024

Cornelia,

Marahaba. Mkono uko vile vile, moyo una nafuu. Uchovu upo, nimeuzoea. Mpe baba pole ya magunia mawili, na mama Otilia afunge mbuzi wake.

Kanda hii ina gitaa. Nimelipigia nje, karibu na mahali malori yanapoegeshwa, kwa vidole viwili. Noti ni chache, na kati ya moja na nyingine utadhani nimeondoka. Nimekosea mahali pawili, sikuanza upya. Nyuma yake utasikia injini, honi, na kijana wa bodaboda ananitukana kwa sababu nimekaa njiani pake. Sikiliza vizuri mpaka mwisho. Kengele hakuna.

Msimamizi nimemwomba ruhusa ya Jumamosi, amekataa. Nakuja hivyo hivyo, na Amos, kuimba. Jina la bendi tuliache lilivyo.

Na mwambie baba, ugali ukiwa tayari nami niko ghalani naimba, aniite kwa sauti ile ile. Redio itakuwa inarekodi.

Kaka yako,
Zenon