Neno "Outraged" Chini ya Jina Langu

Jumatano. Joto limeamka kabla yetu; vioo vya basi la kampuni vilikuwa na jasho kwa nje. Moyo wangu haujatulia tangu jana.

Jana mchana supavaiza aliniita ofisini. Mimi ni msafisha vyumba katika hoteli ndogo hapa Al Muraqqabat, mtaa wa huku Uarabuni, mwaka wa tatu huu, na sijawahi kuitwa nikapewa kiti. Jana nilipewa kiti, na chai pia.

Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na shaka.

Akanisogezea karatasi ya Kiingereza. "Haya ni maelezo yako kuhusu Hamida. Tia sahihi, yalla, urudi kazini."

Hamida ni mwenzangu kutoka Uganda, tunalala chumba kimoja. Wiki iliyopita alimpigia kelele mgeni wa ghorofa ya tatu, naye mgeni akalalamika. Mimi nilikuwa kwenye korido siku hiyo, kwa hiyo nimefanywa shahidi.

Kiingereza changu ni cha taulo na sabuni. Lakini jina langu nililiona, na chini yake neno nisilolijua: outraged. Eti mimi, Mwanaidi, nilikuwa outraged kwa tabia ya Hamida. Nikauliza maana yake.

"Kukasirika kidogo tu," akasema.

Kama ni kidogo, kwa nini hakuandika angry, ambalo hata mimi nalijua?

Nikamwambia nahitaji kufikiri. Akanipa mpaka leo asubuhi, ila karatasi akabaki nayo. Nilipotoka nikaliandika neno lile kiganjani, herufi moja moja, nisije nikalisahau.

Baada ya kazi nilikwenda Al Twar kwa Bi Salma, mama wa Kizanzibari aliyesomesha Kiingereza miaka mingi. Akavaa miwani, akakitazama kiganja changu.

"Hii si hasira ya kuvunjiwa sahani, mwanangu. Ni ghadhabu ya mtu aliyeona jambo limevuka mipaka mpaka akashtuka. Ukitia sahihi, unasema Hamida alitenda uovu mbele yako. Uliona uovu gani?"

Nikamweleza nilichokiona na kukisikia. Hamida aliingia kutandika kitanda, mgeni yule akiwa ndani. Mlango ukafungwa. Kisha nikamsikia akisema, "Fungua mlango." Mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

"Basi neno hili ni la Hamida," akasema Bi Salma. "Wamekuvisha wewe."

Tukaandika maelezo yangu kwa Kiingereza chepesi, sentensi tano. Leo asubuhi nimeyapeleka. Supavaiza ameyasoma mara mbili.

"Kwa hiyo hukukasirishwa na Hamida?"

"Sikukasirishwa, sir."

Akaiweka karatasi kwenye droo. "Khalas. Nenda."

Adhuhuri Hamida ameambiwa malalamiko yamefungwa, aendelee na kazi. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Mambo yakiisha kirahisi hivi huwa siyaamini; nimeweka nakala ya maelezo yangu ndani ya foronya ya mto wangu.

Hamida amenikumbatia, amelia. Nami nimeshindwa kumwambia kitu kimoja, ambacho hata Bi Salma sikumwambia.

Aliposema "fungua mlango" mara ya kwanza, nilikuwa hatua nne kutoka pale, na kadi inayofungua vyumba vyote ikining'inia shingoni. Akasema tena, na tena. Mwishowe alitoka mwenyewe.

Nilikuwa nangoja nini?