Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumanne, 2 Septemba

Leo kaingia mwandishi dukani. Mwandishi wa kweli, wa vitabu! Nilidhani ni mzee wa kutoa kopi ya kitambulisho kama wengine. Miwani moja machoni, nyingine juu ya paji la uso – nimeshambatiza Miwani Mbili. Kaweka mezani rundo la karatasi, riwaya nzima kwa mkono, wino wa bluu. Ichapwe kwenye kompyuta kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi anawasomea wenzake, kundi la waandishi linalokutana ghorofani kwenye maktaba. Kumbe lipo! Miaka sita naishi mtaa wa pili kutoka hapo.

Nikamuuliza kama mtu yeyote anaweza kuhudhuria. Akasema kundi ni la wanaoandika, binti, si la wanaochapa.

Haya. Nimechapa kurasa kumi na tisa kwa hasira.

Ijumaa, 5 Septemba

Balaa. Ukurasa wa 41 haupo. Wa 40 unaishia mlangoni: mume aliyepotea miaka ishirini anabisha hodi, mke yuko ndani. Wa 42 wameshakaa, wanakunywa chai! Nimetafuta chini ya meza, kwenye ndoo ya taka, nyuma ya feni. Nimempigia Miwani Mbili mara saba, simu imezimwa. Na shemeji – duka ni lake, kamuoa dada yangu – anapita nyuma yangu kila dakika: bado tu? Bado tu?

Basi nikauandika mwenyewe. Ndiyo! Mimi ambaye naandika humu tu, mahali hakuna anayesoma.

Mke hafungui. Anamaliza kwanza kusuuza sufuria. Anauliza, nani? Mume anasema, mimi. Mke anauliza, mimi nani? Anamwacha nje mpaka ajieleze kama mgeni: jina la baba, anatoka wapi, anamtafuta nani. Sikutunga sana. Shangazi alimfanyia mumewe hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa jikoni, mdomo umejaa, sithubutu kutafuna.

Nilikusudia kumwambia mzee, haki ya Mungu. Nilichora hata nyota ya penseli pembeni. Lakini alikuja huku anaongea na simu (ile ile iliyozimwa siku nzima!), kabeba bahasha yake, huyo kaenda. Nikataka kumkimbilia. Shemeji akasema mteja akishachukua, kazi imekwisha.

Jumamosi, 6 Septemba

Miwani Mbili alisahau dukani kopi kumi alizoagiza kwa ajili ya wenzake. Shemeji kanituma nizipeleke maktaba. Chumba kidogo, viti vya plastiki, watu kumi na wawili hivi. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye kipara na hereni kubwa, kanionyesha kiti cha karibu na mlango.

Na mzee anasoma nini? Ukurasa wangu! Nilimwona akisita mstari wa pili. Miwani zikabadilishana zamu. Kisha akajifanya hamnazo, akaendelea. Kwenye "mimi nani?" wakacheka, halafu wakainama kusikiliza. Mwenyekiti kafuta macho. Kasema hapo, hapo ndipo mzee umetuweza.

Na yeye kapokea! Kasema ukurasa huo ulimtesa sana. Ulimtesa!

Nikanyamaza. Nimejichukia njia nzima mpaka nyumbani.

Jumatatu, 8 Septemba

Fundi kaja kuzibua mashine ya kopi. Katoa karatasi iliyojikunja – wino wa bluu, ukurasa wa 41. Ulinasa nilipokuwa nikitoa kopi ya akiba. Kosa langu, basi, tangu mwanzo.

Nimeusoma nimesimama. Mke anafungua mlango, anamwona mumewe, anazimia kwa furaha.

Anazimia! Mwanamke aliyelea watoto watatu peke yake, aliyeezeka nyumba kwa mikono yake – azimie?

Alhamisi, 11 Septemba

Miwani Mbili alipita dukani. Nikamwekea ukurasa wake mezani. Kautazama, kanirudishia. Kasema kitabu kinakwenda kwa mchapishaji Jumatatu, na mwanzoni kwenye shukrani ataniweka, "kwa uchapaji makini". Nikamwambia, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mzee wangu. Nataka wenzako waambiwe nani kaandika.

Akashusha sauti. Ukisema, binti, itanibidi niutoe. Siwezi kutia maneno ya mtu mwingine kitabuni mwangu. Kwa hiyo chagua.

Ndivyo ilivyo. Nikinyamaza, ukurasa unaishi bila mimi. Nikisema, unakufa. Na shemeji kasema nikimuudhi mteja yule, nitafute kwingine pa kuchapa. Dada naye: mshika mawili moja humponyoka. Nimemwambia mimi nimeshika moja tu.

Inauma, lakini. Ni kitu cha kwanza changu ambacho watu wamekisikia.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika humu humu kwenye chumba cha kundi, maktaba, daftari gotini. Nimesema! Nimewaambia nani kaandika. Nikaweka ile karatasi ya wino wa bluu mezani, nikamwomba mzee awasomee ya kwake. Kasoma. Mke kazimia. Mtu kakohoa.

Halafu zogo. Mshairi mmoja mwenye ndevu kasema kutia mkono kwenye kazi ya mtu ni ufisadi. Nikamjibu kosa nimelikubali, ni langu. Na ukurasa nao ni wangu, nauchukua na kosa lake.

Miwani Mbili kasema basi anautoa. Kauchomoa kwenye faili, kanipa. Kusema kweli nimemwonea huruma. Lakini nimeupokea.

Wakaniomba nitoke nje kidogo wajadili. Sitoki! Kama ni mimi mnayemjadili, nijadilini nikiwepo. Shemeji kapiga mara tatu, simu nimeilaza kifudifudi.

Sasa wamemaliza kubishana. Mwenyekiti kavuta kiti chake mpaka mbele yangu. Kaniuliza, bila utani, nina kurasa ngapi nyingine kama huu.

Sina hata mmoja.

Mshairi kaguna, kasema nilijua tu. Miwani Mbili kavua miwani zote mbili, ananitazama, sijui anaona nini. Nimemwambia mwenyekiti anipe nusu saa niandike mwingine, na mtu asisogee. Nageuza karatasi.