Wavu Uliokuwa Ukipiga Kelele

Kaskazini mwa Baringo, Agosti 2008

Mpendwa Mama Baraka,

Mwezi huu natimiza miezi mitano tangu niondoke Nakuru. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zetu zimefungiwa langoni. Hata redio ya betri hairuhusiwi. Chombo tunachojenga kinasikiliza angani, na kelele ndogo ya umeme inakiharibia kazi.

Injinia wetu, dada mmoja kijana, anasema kwamba kabla nyota ya kwanza haijawaka, mbingu ilikuwa hewa tupu gizani. Hewa ile ilitoa mawimbi ya redio, na mpaka leo bado yako njiani, hafifu mno. Ndiyo tunayoyatega. Mimi niliachia darasa la sita, sikuelewa yote. Nilichoelewa ni kwamba chini ya chombo lazima pawe na wavu wa waya, mpana kama uwanja wa mpira, na kuutandaza ni kazi yangu.

Ndipo nikakukumbuka ukiwa Kiamunyi, mimba ya Baraka imeshakuwa kubwa, umeshika ncha ya wavu tukijenga banda la kuku. Ulinifokea, "Vuta, mzee! Hapo hata paka mnene atapita!" Banda lile lilikwenda na ghasia za Januari, zile za baada ya uchaguzi, lakini mikono yangu haikusahau. Niliwasimulia wenzangu habari za banda, na tangu hapo wananiita Baba Kuku. Nikaunganisha vipande vya wavu vilevile kama tulivyozoea: napitisha waya, nasokota, nakata.

Kumbe sivyo. Upepo ulipovuma, viungo vilisuguana vikatoa kelele ya umeme, na chombo kikasikia.

"Fundi, wavu wako unapiga kelele," injinia akasema.

"Madam, mbona mimi sisikii?"

"Kwani ni wewe unasikiliza?"

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Msimamizi hakucheka. "Baba Kuku, upepo ukirudi na hii kelele iko, utapanda lori la maji uende kwenu."

Niliwaza mnavyobanana kwenye chumba kimoja huko Nakuru, mtaa wa Section 58, tangu tupoteze kwetu. Siku naondoka uliniambia, "Wewe nenda, hapa nitashika." Na umeshika. Watoto hawajakosa shule, na bado ulimpokea jirani aliyekuja na godoro tu. Ningerudije na aibu kwa mwanamke kama huyo?

Nikaanza upya. Kila kiungo nililehemu kwa risasi kisisuguane tena, nimepiga magoti juu ya mawe ya moto. Ngozi ya magoti ilibaki huko.

Juzi upepo ulirudi, mkali wa kung'oa hema. Injinia aliniita kwenye kioo cha kompyuta. Mstari wa kelele, uliokuwa ukirukaruka, ulikuwa umelala kabisa.

"Umetulia," akasema, akanipa mkono. Msimamizi naye akaguna, "Haya, Baba Kuku. Hiyo ni kazi."

Nimechoka, Mama Baraka, sitakudanganya. Lakini nimesimama wima. Kitu cha kale kuliko nyota kikisikika hapa, kitakuwa kimepita juu ya waya niliofunga mimi.

Wameniomba nitandaze wavu wa chombo cha pili, kwa hivyo usinitazamie mwezi huu. Nitakuja Desemba, shule zikishafungwa. Sitakuja kwa kufukuzwa. Nitakuja kazi ikiwa imekwisha.

Mumeo anayejivunia wewe,
Baba Baraka