Madam Solange Arudi Kwenye Mizabibu ya Baba Yake

Northfield,
Birmingham.
20 Oktoba 2024.

Mpendwa kaka Mark,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Mke wako Jepchirchir na watoto hawajambo? Na mgongo uliokusumbua msimu wa mvua, umepata nafuu? Sisi tu wazima, Mungu ametushika. Watoto wangu hufurahi sana ukiwapigia simu, ila najua unachoka kujibiwa Kiingereza. Usiwachoke.

Nimesikia umeambiwa nilikwenda Ufaransa, ukashangaa dada yako Msabato alifuata nini kwenye shamba la divai. Ngoja nikueleze.

Kule Moseley namtunza bibi Mfaransa, Madam Solange. Amepita miaka themanini. Mumewe Ronald, Mwingereza aliyemleta huku, alifariki kabla sijaanza kazi kwake. Kila asubuhi nikimvisha soksi ananisimulia shamba la kwao.

Zamani sana lilikuwa la watawa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipotokea wakanyang'anywa, likauzwa kwa tajiri wa mjini, likapita mikono mingi mpaka babu yake Solange alipolinunua likiwa magugu matupu. Babu akapanda mizabibu upya, baba akachimba ghala la mapipa chini ya ardhi. Solange na ndugu yake wa pekee, Bernard, walizaliwa katika nyumba iliyo juu ya ghala hilo.

Baba alipokufa shamba likawa la wote wawili. Solange alikuwa ameshaolewa huku, kwa hiyo Bernard akalima peke yake. Kisha baridi kali ikaunguza machipukizi, na mwaka uliofuata tena vilevile. Bernard akachoka. Kampuni ya bima ya Paris ikataka kununua, naye akamwomba dada yake akubali. Solange alitia sahihi, kisha hakusema naye tena. Aliona kana kwamba ndugu yake amemuuza mama yao.

Miaka thelathini ikapita hivyo, kaka. Kampuni nayo ikamuuzia mama mmoja Mbelgiji. Lakini Bernard hakuhama. Alibaki kijijini, akawa kibarua wa kupogoa mizabibu ileile iliyokuwa yake. Solange hakulijua hilo mpaka Agosti, jirani mmoja alipopiga simu kusema mzee hatembei tena vizuri, na anamuulizia dada yake.

Madam akawa hataki kula, hataki hata kufunguliwa pazia. Nilidhani atakataa kwenda. Halafu asubuhi moja akaniambia, "Kerubo, nitafutie viatu vya shambani."

Landry, Mkongo tunayesali naye, ndiye aliyetuendesha, maana anajua Kifaransa. Tulifika wakati wa mavuno. Bernard alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mwanzoni mwa mistari ya mizabibu, kofia iko magotini. Hawakukumbatiana. Madam aliketi karibu naye, wakaanza kulaumu mvua kama watu waliokutana sokoni.

Yule mama Mbelgiji akatuletea divai ya shamba. Mimi nilipewa juisi ya zabibu, kwa hiyo huna la kumwambia pasta. Njia nzima Madam alikuwa akisema wageni wameharibu kila kitu. Akaonja. Macho yakamjaa machozi.

"Hii ni nzuri kuliko ya baba," akasema.

Bernard akajibu akiangalia chini. Landry akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Anasema alijuaka. Aliogopaka kumuambia."

Hapo Madam akamshika mkono, na hakuuachia hata tulipoitwa mezani.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia halilii shamba. Analilia ile miaka yote ambayo ndugu yake alikuwa pale mizabibuni, na yeye hakuwa naye. Sasa wanapigiana simu kila jioni, na mimi kazi yangu ni kuishikilia simu isimwanguke.

Nije sasa kwa lile uliloniuliza, nami nimekawia kulijibu, habari ya kuuza shamba la chai la baba. Nimekubali, kaka. Wewe ndiye unayelichuma na mgongo mbovu, mimi nalikumbuka tu. Nitalia, sitakuficha. Lakini usiache kunipigia, hata siku utakayosikia sauti yangu ni kali. Desemba nitakuja. Sitaki kuonyeshwa mipaka wala mnunuzi. Nitandikie kitanda kwako, tukae.

Nisalimie sana shangazi Moraa, umwambie shali yake nimeshaipata, ya rangi aliyoitaka. Wabusu watoto mmoja mmoja. Mungu aifunike nyumba yako, awape afya na usingizi mwema.

Ni mimi dada yako akupendaye, shamba liwepo au lisiwepo,

Kerubo