Kipi Kilinyimwa Oksijeni?

Ijumaa, 12 Machi 1999

Nimefika Malaba kutoka Kampala. Mama amefurahi mpaka amenifulia kila kitu. Na si nguo tu! Vile vipande vyangu viwili vya maabara, kila kimoja kama ukucha, amevisugua kwa sabuni. Eti vilikuwa na uchafu wa kalamu mgongoni. Uchafu! Hizo ndizo alama zangu, A na B. Sasa viko kwa kisosi, vyeusi tititi, pacha. Nimelia kidogo. Mama anasema pole Akiror, lakini si vimetakata.

Jumamosi, 13 Machi

Utando wenyewe, ule mweusi juu ya vipande, haujali sabuni, afadhali. Lakini kipi ni kipi? Niliviotesha utando huo wiki moja, moto ule ule. A nilimpa oksijeni ya kutosha, B nikamnyima. Hiyo tu—na tabia zikaachana kabisa! Ndiyo thesis yangu yote. Jumatatu naitetea, na maprofesa watavipima upya. Nikibahatisha nikose, kwisha mimi.

Kwa joto la hapa vinafanana. Mpaka baridi kali: A anageuka sumaku na umeme unapita vizuri, B anazidi kuukataa. Sasa baridi hiyo Malaba naitoa wapi? Friji ya soda ni mchezo.

Mama, akichambua kunde: si umuulize Omagor, yule wa kupandisha ng'ombe? Mtungi wake wa mbegu hutoa moshi wa baridi. Mama! Nitrojeni ya maji! Nimemkumbatia na kunde zake.

Jumapili, 14 Machi

Amukura, kwa mzee Ejoku, nimemfuata Omagor kazini. Ng'ombe wake anataka dume. Omagor amechovya kijiti mtungini: nitrojeni imebaki kidogo, gari la kujaza ni Jumanne, na mbegu zikipata joto zinakufa. Kikombe kimoja, dada, anasema, na usiombe tena.

Nimefunga waya za mita yangu, nikachovya kipande cha kwanza: ukinzani wa umeme ukapanda, ukapanda, haukurudi. Cha pili—ukapanda pia! Ni sabuni? Halafu ukasimama. Ukasimama! Ukaanza kushuka, nadhani, na kikombe kikakauka.

Nadhani! Nitawaambia maprofesa nadhani?

Mzee Ejoku amechutama kando yangu, amesahau ng'ombe wake, macho kwa mita. Imeshuka ama haijashuka, hiyo namba? Sijui, mzee. Basi ongeza, anasema, mbegu yangu imeshatolewa, zilizobaki humo ni za nani? Za majirani zako, mzee! Akautazama mtungi. Lakini imeshuka ama haijashuka?

Omagor bado yuko nyuma ya ng'ombe, mkono ndani mpaka kiwiko. Mtungi uko karibu na goti langu. Mzee ameshika kikombe kikavu juu yake, ananiangalia, anangoja niseme ndiyo—