Dhahabu Iliyowekwa kwa Rafiki Kama Ng'ombe

Shangazi mpendwa, shikamoo, nisaidie kabla sijagombana na mtu ninayempenda. Mimi ni mkulima wa Karatu, nalima vitunguu kule Mang'ola, na msimu uliopita vilinilipa vizuri, lakini noti zetu unazijua, ukizilaza leo kesho hazinunui kitu, benki naiogopa, ng'ombe wengi ukame ulishanimalizia, basi nikaenda Arusha kwa sonara nikanunua mkufu na bangili za dhahabu, maana niliambiwa dhahabu haioti kutu wala haifi, mke wangu Lusia sikumwambia kwa sababu angetaka kuvaa, na kaka zangu wangejua wangekuja kukopa, kwa hiyo nikafanya kama tunavyofanya na ng'ombe, nikampelekea rafiki yangu Saning'o, mfugaji wa Ngorongoro anayenitunzia mifugo tangu tukiwa vijana, maziwa anakunywa yeye, ndama ni wangu, na ng'ombe akifa ananiletea ngozi.

Wiki jana nimekwenda kuangalia mali yangu, akanipeleka zizini akanionyesha mitamba wawili wenye mimba, akasema, "Kile kitu chako kilikuwa tasa, nimekibadili mnadani kwa hawa. Si ndivyo nilivyofanya na yule ng'ombe wako tasa, ukanishukuru?" Sasa nataka kumshitaki barazani anirudishie dhahabu yangu, lakini usingizi sipati, maana tumekuwa ndugu. Je, nimeibiwa?

Hhando, Karatu

Marahaba, Hhando. Pole, ingawa nimecheka mpaka wajukuu wamekuja kuniuliza kuna nini.

Hujaibiwa. Ulimpa mfugaji kitu akitunze kwa desturi ya ng'ombe, naye akakitunza kwa desturi ya ng'ombe. Ulimweleza kwamba hiki kinakaa tu, hakizai? Hukumweleza. Ulitegemea afanye nini, akipeleke malishoni?

Sikatai, dhahabu ni akiba nzuri. Ukame hauigusi, ndigana, ule ugonjwa wa kupe, haiijui, na noti zikishuka yenyewe husimama. Lakini haikamuliwi, sonara aliyekuuzia kwa bei yake akija kuinunua atakupunja, na ikipotea hakuna ngozi ya kukuletea. Saning'o angekuambia imepotea ungemfanya nini, baba? Ng'ombe nao wanakufa, hilo unalijua kuliko mimi. Ndiyo maana wazee wako waligawa mifugo huku na huku, lakini hawakugawa kwa kumficha mke.

Sasa fanya hivi. Nunua sukari na majani ya chai, panda Ngorongoro ukamshukuru. Mtamba mmoja mwachie, mwingine mlete nyumbani, akizaa, Lusia amkamue, na umwambie mwenyewe ametoka wapi kabla hajaambiwa na kaka zako. Atanuna. Mwache anune, ana haki. Fedha za vitunguu vijavyo weka kidogo Posta, kidogo kwenye mifugo, na ukitamani tena dhahabu mvalishe mkeo, shingoni kwake hakuna atakayeipeleka mnadani.

Barazani usiende. Uliogopa benki, ukawaogopa ndugu zako wa tumbo moja, ukamwogopa hata mke unayelala naye. Mtu mmoja tu hukumwogopa, na huyo ndiye unayetaka kumshitaki.